Uzi mmoja au vipande viwili? Hesabu ya fundi wa raketi za tenisi

MTU akitaja tenisi, wengi wetu tunafikiria klabu zenye nyasi zilizokatwa vizuri, wachezaji waliovaa nyeupe na magari yaliyoegeshwa nje. Ni nadra mtu kufikiria fundi aliyekaa pembeni ya uwanja na mashine yake, akivuta uzi mmoja baada ya mwingine ndani ya fremu ya raketi.

Fundi huyo ni mfanyabiashara mdogo kama alivyo fundi cherehani, fundi baiskeli au mama lishe. Ana mtaji, ana malighafi, ana wateja wanaolalamika na wanaosifu, na kila siku ana uamuzi wa kufanya. Mmoja wa maamuzi hayo ndio mada ya makala haya: je, raketi aifunge kwa uzi mmoja mrefu, au aukate uzi huo kuwa vipande viwili?

Kwa anayetazama kwa mbali, swali hilo linaweza kuonekana dogo. Lakini ndani yake kuna fedha, kuna muda, na kuna hatari ya kulipa fremu ya mteja. Pia kuna somo ambalo mkulima na mfugaji wanaweza kulitumia kwenye shughuli zao, kama tutakavyoona mbele.

Raketi inavyofungwa

Raketi nyingi za tenisi za siku hizi zina nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Nyingine zina 18 za wima na 20 za mlalo. Nyuzi za wima hupita kutoka shingo ya raketi kwenda kichwani, na ndizo zinazobeba kazi kubwa mpira unapogonga. Nyuzi za mlalo husukwa kati ya hizo za wima, moja juu moja chini, kama mkeka.

Fundi huanza na nyuzi za wima, akianzia katikati na kwenda pembeni, upande huu na upande ule kwa zamu ili fremu isivutwe upande mmoja. Kila uzi huvutwa kwa mashine hadi kufikia mkazo uliotakiwa, kisha hubanwa kwa klampu ili usirudi nyuma wakati uzi unaofuata unavutwa.

Mkazo unaotakiwa huandikwa kwenye fremu yenyewe. Ukiona maandishi yanayotaja pauni 50 hadi 60, maana yake ni kilo 23 hadi 27 hivi kwa kila uzi. Zidisha mara nyuzi 35 utaona kwa nini fremu inaweza kupinda au kupasuka ikifungwa ovyo.

Katika njia ya uzi mmoja, fundi hupima upande mmoja mfupi na upande mwingine mrefu. Upande mfupi unatosha nusu ya nyuzi za wima tu. Ukimaliza hapo unafungwa fundo. Upande mrefu unamaliza nusu nyingine ya wima, halafu unaendelea moja kwa moja kusuka nyuzi zote za mlalo. Mwisho wa kazi kuna mafundo mawili.

Katika njia ya vipande viwili, kipande cha kwanza kinatumika kwa wima peke yake na kinafungwa mafundo mawili. Kipande cha pili kinatumika kwa mlalo, nacho kinafungwa mafundo mawili. Jumla mafundo ni manne.

Uzi unaishia wapi?

Kabla ya kuzungumzia fedha, kuna jambo moja ambalo haliko chini ya uamuzi wa fundi wala mteja. Nalo ni mahali ambapo nyuzi za wima zinaishia.

Watengenezaji wengi wa raketi wanataka nyuzi za mlalo zianze kufungwa kichwani na kushuka kuelekea shingoni. Sababu ni kwamba baada ya nyuzi za wima kuvutwa zote, fremu inakuwa imebanwa kwa urefu na kutanuka kwa upana. Nyuzi za mlalo ndizo zinazoirudisha kwenye umbo lake. Shingoni fremu inashikiliwa na mikono miwili inayoshuka kwenye mpini, hivyo ina nguvu. Kichwani haina msaada huo. Ukianza shingoni na kupanda, unasukuma mzigo wote uishie mahali dhaifu.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Raketi yenye nyuzi 16 za wima ina nyuzi nane kila upande. Kama uzi unaanzia kichwani, wa kwanza unashuka, wa pili unapanda, wa tatu unashuka, na wa nane unapanda. Umeishia kichwani. Hapo unaweza kuendelea na mlalo kwa uzi huohuo bila tatizo lolote.

Lakini kama uzi unaanzia shingoni, wa kwanza unapanda, wa pili unashuka, na wa nane unashuka. Umeishia shingoni. Ukitaka kuendelea kwa uzi mmoja itabidi upande kwenda kichwani, jambo ambalo mtengenezaji hataki. Dawa yake ni kukata na kutumia vipande viwili.

Kwa raketi yenye nyuzi 18 za wima mambo yanageuka, kwa sababu kila upande una tisa. Ukianzia shingoni unamalizia kichwani.

Ipo pia njia ya tatu inayotumiwa na mafundi wazoefu. Uzi unabaki mmoja, lakini upande mrefu unazungushwa kwenye fremu ili nyuzi za mlalo zianze kichwani. Ni kazi nzuri, ila inahitaji mchoro na uzoefu. Si kazi ya kujaribia kwenye raketi ya mteja.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi lisiwe anapenda njia ipi. Aulize raketi hii imeelekezwaje na aliyeitengeneza. Maelekezo hayo hutaja uzi uanzie wapi, matundu yapi yarukwe, mafundo yafungwe kwenye matundu gani, na kama vipande viwili vinalazimika. Fundi aliye makini huwa na daftari lenye maelekezo ya kila aina ya raketi inayopita mikononi mwake.

Gharama ya uzi

Tuchukue mfano wa kukokotolea. Tuseme fundi ananunua roli la uzi la mita 200 kwa Sh240,000. Kila mita inamgharimu Sh1,200. Bei halisi zinatofautiana sana kulingana na aina ya uzi na mahali, hivyo msomaji aweke bei zake mwenyewe, hesabu haibadiliki.

Raketi moja kwa njia ya uzi mmoja tuseme inakula mita 11. Gharama yake ni Sh13,200. Kwa vipande viwili, kila ncha ya uzi inahitaji mkia wa kufikia kichwa cha mashine, na mkia huo hukatwa na kutupwa baada ya fundo. Kwa kuwa sasa ncha ni nne badala ya mbili, tuongeze nusu mita. Raketi inakula mita 11.5, sawa na Sh13,800.

Tofauti ni Sh600 kwa raketi. Kwa roli zima, uzi mmoja unatoa raketi 18 na kubakiza mita mbili. Vipande viwili vinatoa raketi 17 na kubakiza mita nne na nusu. Raketi moja nzima imepotea kwenye vipande vinavyoanguka sakafuni.

Hapo wengi wanaishia na kusema uzi mmoja ndio unaolipa. Lakini hesabu haijakamilika.

Kwanza, tofauti hiyo ipo kwa anayetumia roli. Anayenunua pakiti za raketi moja moja, ambazo kwa kawaida huwa na urefu wa mita 12 hivi, haoni tofauti. Akikata pakiti katikati anapata mita sita kwa sita, na kazi inakwisha vizuri. Mabaki anayoyatupa yalikuwa yatupwe vilevile.

Pili, kuna gharama ya makosa.

Kosa moja linakula faida ya raketi 22

Kosa la kawaida katika njia ya uzi mmoja ni kupima vibaya upande mfupi. Mafundi wengi hupima urefu wa raketi nzima mara nne kwa raketi ya nyuzi 16 za wima, kisha huongeza kidogo. Raketi ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 68.5, kwa hiyo mara nne ni mita 2.74. Wakiongeza mkia, wanafika karibu na mita tatu.

Akipima pungufu, upande mfupi utaishia kabla ya uzi wa mwisho wa wima, au utafika lakini mkia hautoshi kushikwa na mashine. Akizidisha, upande mrefu utapungukiwa kwenye nyuzi za mwisho za mlalo, baada ya kazi yote ya kusuka kufanyika. Mara nyingi uzi wote hukatwa na kutupwa, na fundi anaanza upya kwa uzi wake mwenyewe.

Katika mfano wetu, kosa hilo moja linagharimu Sh13,200. Akiba ya uzi mmoja ilikuwa Sh600 kwa raketi. Gawanya 13,200 kwa 600, jibu ni 22.

Maana yake ni hii: fundi anayeharibu uzi mmoja katika kila raketi 22 anazofunga kwa uzi mmoja, hajaokoa chochote. Anayeharibu zaidi ya hapo anapata hasara, na ingemfaa zaidi akate vipande viwili, ambavyo havihitaji kupima upande mfupi na mrefu. Kila kipande kinagawanywa katikati au kinaanza kwenye ncha yake.

Tuseme fundi huyo anafunga raketi 40 kwa mwezi na anamtoza mteja Sh30,000 pamoja na uzi. Mapato yake ni Sh1,200,000. Uzi kwa njia ya kipande kimoja ni Sh528,000, kwa vipande viwili ni Sh552,000. Kama mashine aliinunua Sh1,800,000 na anataraji itumike miaka mitano, aitengee Sh30,000 kila mwezi.

Kwa uzi mmoja anabaki na Sh642,000. Kwa vipande viwili anabaki na Sh618,000. Hapo bado kodi ya pango, nauli na kodi ya serikali. Tofauti ni Sh24,000 kwa mwezi. Akiharibu nyuzi mbili tu ndani ya mwezi huo, Sh26,400 zimeondoka na faida ya uzi mmoja haipo tena.

Kuna hasara kubwa zaidi ya hiyo. Tuseme kwa kutaka kuokoa Sh600, fundi anafunga uzi mmoja kwenye raketi inayotaka vipande viwili, akapanda kutoka shingoni hadi kichwani, na fremu ikapasuka. Kama fremu hiyo ina thamani ya Sh400,000, atahitaji kufunga raketi 667 kwa akiba ya Sh600 ili kurudisha fedha hizo. Kwa raketi 40 kwa mwezi, huo ni muda wa karibu mwaka mmoja na miezi mitano. Na mteja aliyepasukiwa hatarudi.

Je, mchezaji anaona tofauti?

Wapo wachezaji wanaoapa kuwa raketi ya vipande viwili inapiga vizuri zaidi, na wapo wanaoapa kinyume chake. Wanapoegemea ni kwenye mafundo. Kila fundo linapofungwa, uzi unaoishia hapo hulegea kidogo, kwa sababu uzi hurudi nyuma kabla fundo halijakaza. Mafundo manne yana maana ya nyuzi nne zilizolegea kidogo badala ya mbili.

Hata hivyo, nyuzi hizo kwa kawaida ziko pembezoni, mbali na katikati ambako mpira unagonga. Kinachoamua raketi inavyopiga ni aina ya uzi, unene wake, mkazo uliotumika na ustadi wa fundi. Mchezaji wa kawaida wa klabu ni vigumu kutambua kwa kupiga mpira tu kama raketi yake ina mafundo mawili au manne.

Jambo jingine linalosemwa sana ni kwamba ukitaka mkazo tofauti kati ya wima na mlalo lazima ukate uzi. Si kweli. Fundi anaweza kubadilisha kipimo cha mashine akianza nyuzi za mlalo, hata kama uzi ni uleule.

Linalolazimisha vipande viwili bila ubishi ni kuchanganya aina mbili za uzi. Hapo ndipo biashara inapoanza kuwa na ladha.

Kuchanganya nyuzi, kugawana gharama

Nyuzi za raketi ziko za makundi matatu makubwa: nailoni, poliesta, na utumbo wa ng'ombe. Nailoni ni ya bei nafuu na laini kiasi. Poliesta ni ngumu, haikatiki haraka na inampa mchezaji nafasi ya kuuzungusha mpira, lakini inapoteza mkazo upesi na inaweza kuumiza kiwiko cha asiye na nguvu. Utumbo ni laini, unashika mkazo kwa muda mrefu kuliko zote, lakini ni ghali na unaogopa maji.

Poliesta ilipata umaarufu baada ya Gustavo Kuerten wa Brazil kushinda mashindano ya Ufaransa mwaka 1997 akitumia nyuzi za Luxilon kutoka Ubelgiji. Baadaye wachezaji wakaanza kuchanganya. Roger Federer wa Uswisi, aliyestaafu mwaka 2022 akiwa na mataji 20 ya Grand Slam, kwa miaka mingi alitumia utumbo wa ng'ombe kwenye wima na poliesta kwenye mlalo.

Kwa fundi, kuchanganya kuna faida ya hesabu. Tuseme pakiti moja ya utumbo inauzwa Sh120,000. Mteja wa kawaida anaishangaa bei hiyo na kuondoka. Lakini pakiti hiyo ikikatwa katikati inatosha nyuzi za wima za raketi mbili. Kila mteja anabeba Sh60,000. Ukiongeza mita tano na nusu za poliesta kwenye mlalo, ambazo kwa bei ya mfano wetu ni Sh6,600, uzi wote unakuwa Sh66,600.

Mteja amepata sehemu kubwa ya ulaini wa utumbo kwa karibu nusu ya bei, na fundi ameuza bidhaa ambayo ingekaa kabatini. Hiyo ndiyo sababu fundi anayejua njia moja tu anajinyima soko, hata kama njia hiyo anaijua vizuri kiasi gani.

Kwa wateja wa Pwani kuna la kuzingatia. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa ina unyevu mwingi, na utumbo ukinyonya unyevu hufumuka na kukatika mapema. Fundi mwaminifu atamweleza mteja hivyo kabla ya kupokea fedha yake, na kumshauri raketi yake aihifadhi ndani ya mfuko, si kwenye buti la gari.

Mfugaji anaingiaje hapa?

Uzi wa utumbo unatoka kwenye utumbo mwembamba wa ng'ombe. Hutumika tabaka jembamba la nje. Linasafishwa, linachanwa kuwa tepe, tepe nyingi zinasokotwa pamoja zikiwa mbichi, zinakaushwa zikiwa zimevutwa, kisha zinasuguliwa na kupakwa kinga. Kwa kawaida huhesabiwa ng'ombe watatu hadi wanne kwa uzi wa raketi moja.

Kazi hii ni ya siku nyingi. Mwingereza Walter Wingfield alisajili mchezo wake wa tenisi ya nyasi mwaka 1874. Mwaka uliofuata, 1875, familia ya Babolat ya Lyon nchini Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza nyuzi za ala za muziki kutokana na matumbo ya wanyama, ikatengeneza nyuzi za raketi. Kampuni hiyo ipo hadi leo.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Utumbo wao unaishia kwenye supu na kwenye sufuria za ndizi, jambo ambalo si baya, kwani ni chakula na kuna watu wanaoishi kwa kuuza. Mfugaji anaweza kuuliza: kwa nini tusiuze utumbo huo kwa wenye viwanda vya nyuzi?

Jibu la kiuchumi ni kwamba tusikimbilie. Soko la nyuzi za utumbo ni dogo, kwa sababu poliesta na nailoni zimechukua sehemu kubwa. Wanunuzi ni wachache, na kiwanda kinahitaji utumbo ulioshughulikiwa mara tu baada ya kuchinja, usio na tundu wala mkato wa kisu.

Soko hilo pia linaweza kufungwa kwa uamuzi wa siku moja. Mwishoni mwa mwaka 2000, kutokana na ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, Umoja wa Ulaya uliuweka utumbo wa ng'ombe wa nchi wanachama kwenye orodha ya viungo vya kuharibiwa. Waliotegemea malighafi hiyo wakajikuta wanatafuta njia nyingine.

Hata hivyo, mambo yanayohitajika kwa uzi wa raketi ndiyo yanayohitajika kwa masoko makubwa zaidi ya utumbo, hasa ngozi za soseji. Kuna minyoo inayoacha vinundu kwenye ukuta wa utumbo wa ng'ombe. Utumbo wenye vinundu haufai soseji wala uzi, kwa sababu hutoboka unaposafishwa. Mfugaji anayewapa mifugo dawa ya minyoo kwa wakati anaongeza uzito wa nyama na pia anaokoa thamani ya utumbo. Mchinjaji anayetumia kisu kwa uangalifu anafanya hivyohivyo.

Kwa hiyo mfugaji asilenge tenisi. Alenge utumbo mzima, safi, unaojulikana ulikotoka. Mnunuzi wa soseji, wa supu au wa uzi, wote watautaka huo kwanza.

Somo la shambani

Swali la uzi mmoja au vipande viwili halipo kwenye raketi tu. Mkulima anayetandaza mipira ya umwagiliaji wa matone analo pia. Anaweza kutandaza mpira mmoja mrefu kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, au akaweka bomba kuu katikati na kutoa mipira mifupi pande zote mbili.

Mpira mmoja mrefu una viungio vichache, kwa hiyo una gharama ndogo ya kuanzia na sehemu chache za kuvuja. Lakini presha ya maji hupungua kadiri maji yanavyosafiri, na mimea ya mwisho inaweza kupata maji kidogo kuliko ya mwanzo. Mipira miwili mifupi inataka viungio zaidi, ila maji yanagawanyika kwa usawa zaidi. Hapo mkulima analinganisha bei ya viungio na mavuno anayopoteza mwisho wa tuta.

Vivyo hivyo kwa waya wa uzio. Kila unapounga ni mahali pa udhaifu, lakini waya mrefu kupita kiasi ni mgumu kuuvuta ukakaza sawasawa.

Kanuni ni ileile. Usiangalie tu kiasi cha malighafi kinachookolewa. Hesabu pia kosa likitokea litagharimu kiasi gani, na linatokea mara ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi asiyeandika nyuzi alizoharibu hawezi kujua kama njia yake inamlipa au inamla.

Kwa anayetaka kuingia kwenye kazi hii

Soko la kufunga raketi Afrika Mashariki si kubwa, lakini lipo na halina mafundi wengi. Wateja wako kwenye klabu kama Gymkhana za Dar es Salaam na Arusha, kwenye shule zenye viwanja, na kwenye hoteli za kitalii. Mwaka 2022 Mkenya Angella Okutoyi alitwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mafanikio kama hayo huwavuta vijana viwanjani, na kila kijana anayecheza sana hukata nyuzi.

Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba idadi ya siku unazocheza kwa wiki ndiyo idadi ya mara unazopaswa kubadilisha nyuzi kwa mwaka. Anayecheza mara tatu kwa wiki abadilishe mara tatu. Klabu yenye wachezaji 60 wa aina hiyo ina raketi 180 kwa mwaka, sawa na 15 kwa mwezi. Ni vigumu kwa fundi kuishi kwa klabu moja tu, kwa hiyo ajifunze pia raketi za vinyoya na za skwoshi, ambazo mashine nyingi zinaweza kuzifunga.

Anayeanza aweke mtaji mdogo kwanza. Mashine inayotumia uzito wa kuning'inia haihitaji umeme, ni ya bei nafuu kuliko ya umeme, na ikitumiwa polepole inatoa kazi nzuri. Ubaya wake ni kwamba inachukua muda zaidi.

Ushauri wetu kwa ufupi ni huu:

- Soma maelekezo ya mtengenezaji kabla ya kukata uzi. Yakitaka vipande viwili, usibishane nayo kwa ajili ya Sh600.
- Kama bado unajifunza, anza na vipande viwili kwa uzi wa pakiti. Hupotezi uzi wa ziada na unaepuka kosa la kupima upande mfupi.
- Ukishazoea na raketi inaruhusu, tumia uzi mmoja kutoka kwenye roli. Hapo ndipo akiba inapopatikana.
- Mafundo yafungwe kwenye matundu yaliyotengwa. Kulazimisha uzi kupita kwenye tundu finyu kwa msumari huharibu uzi uliomo tayari.
- Uzi ukikatika mteja akiwa uwanjani, mwambie akate nyuzi zilizobaki mapema, akianzia katikati. Fremu yenye mkazo upande mmoja inaweza kupinda.
- Andika kila raketi: aina yake, njia uliyotumia, mkazo, uzi uliotumika na ulioharibika.

Baada ya raketi 50 rudi kwenye daftari hilo ufanye hesabu kama tulivyofanya hapa, kwa bei zako na makosa yako mwenyewe. Kama uliharibu uzi mmoja au hukuharibu kabisa, endelea na uzi mmoja kwenye raketi zinazoruhusu. Kama uliharibu mitatu au zaidi, kata vipande viwili bila aibu, mpaka mkono utakapotulia.